Kisanduku Mahali pa Jina la Bibi

Mishomoroni, 2 Septemba 2025

Mwanangu Zuleikha,

Assalaam aleikum. Kwa taadhima kubwa nautangazia ulimwengu, kuanzia Mishomoroni hadi huko Lanzhou, kwamba kadi ya harusi yako imekamilika. Nimeiunda mwenyewe hapa kwenye duka langu la kuchapa, Kiswahili juu, Kichina chini, na picha yake nimekutumia. Sisi wazima, isipokuwa sukari yangu inayonisalimia kila asubuhi. Mchumba wako Yusuf na yule bibi yake mzee hawajambo? Mama yako yupo. Habari ya wewe kukaa Uchina bado hataki kuisikia, lakini yupo.

Babako, Abubakar

Lanzhou, 4 Septemba

Shikamoo baba,

Sisi wazima, bibi tu kifua kinamsumbua kidogo. Kadi nimeiona. Nimecheka, kisha sikucheka. Umetumia fonti ya Kichina kadi nzima, ndiyo maana Kiswahili chetu kimekonda na herufi zimeachana kama meno yako ya mbele. Weka fonti mbili, yetu na yao.

Na kile kisanduku katikati ya jina la bibi si Kichina, baba. Ni fonti inasema herufi hiyo haina. Jina lake ni la nadra. Ndiye aliyemlea Yusuf, na mashangazi wa Yusuf wanamwambia bibi kwamba kwetu hatumtaki mjukuu wake. Wakiona jina limetobolewa watasema ndio ushahidi. Bibi ameshaapa hatapanda ndege kuja harusini huko kwa watu wasiomtaka.

Mama asemaje? Hajanijibu tangu Julai.

Mwanao, Zuleikha

Mishomoroni, 9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mpe bibi pole ya kifua. Fonti mbili nimeweka, Kiswahili kimenenepa, alhamdulillahi. Meno yangu yaache. Ile herufi nimeipata kwenye fonti nyingine, lakini imetoka nene, nyeusi, kati ya wenzake wembamba, kama mtu aliyekuja harusini na koti la mvua. Jirani Tinga asema, "Abu, nani atajua?" Nikamjibu, mwenye jina.

Mama yako hajasema kitu. Ila ameuliza bibi huyo ana umri gani.

Babako

Lanzhou, 6 Oktoba

Shikamoo baba,

Natumai sukari imetulia. Kadi zimefika. Bibi alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya jina lake. Kisha akawaambia mashangazi wamtafutie pasipoti. Yusuf auliza, hii fonti gani? Hajaiona popote.

Mwanao

Mishomoroni, 8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, imetulia. Nilikuwa nimekuandalia uongo mzuri wa kitaalamu, lakini mama yako amesimama nyuma ya kiti changu.

Fonti ya kulingana na wenzake haikupatikana. Nilichapisha kadi nikaacha nafasi wazi pale pa herufi ile, nikajaribu kuiandika kwa kalamu. Ikatoka kama kaa aliyekanyagwa. Mama yako akapita, akaitazama.

"Wampelekea mtu mzima hili?"

Akaenda akaleta piko yake, ile rangi nyeusi anayowachorea maharusi, na kijiti chake. Akaniamuru niikuze herufi kwenye simu. Kwanza alijichora mwenyewe mkononi, akafuta, akachora tena, mpaka ikamridhisha. Kisha kadi moja baada ya nyingine. Alipomaliza ndipo akauliza:

"Huyu ndiye atakayekaa na mwanangu huko?"

"Ndiye."

"Basi na aje tumwone."

Ile herufi ya mkononi mwake imeanza kufifia. Asema ataipaka upya siku ya kumpokea. Mengine atakuambia mwenyewe, simu ameshaninyang'anya.

Babako