Skrubu Moja na Uso wa Susu

Ijumaa, Nunguni. Baridi ya mwezi wa saba, ukungu tangu asubuhi, na mimi nacheka peke yangu dukani kama mtu aliyerukwa na akili.

Bahasha ya picha imefika. Susu ametoka vizuri.

Acha niandike tena, maana kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiota uso wake umeyeyuka: Susu ametoka vizuri. Naona hadi kile kikovu kidogo juu ya nyusi. Naona nyuzi za kitambaa chake cha kanisa. Nilikaa juu ya gunia la mbolea nikashusha pumzi, na mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kuku akaniuliza kama nimepata habari mbaya.

Susu ni nyanya yangu mzaa baba, anaishi Kyuso. Mwaka huu tulimzika dada yake. Familia ilitafuta picha nzuri ya marehemu ikakosa, kwa hivyo kamati ya mazishi ikachukua ile ya kitambulisho ikaikuza. Marehemu akatukodolea macho kwenye programu kama mtu anayetafutwa na polisi. Susu aliikunja programu yake, akaitia kwenye mkoba. Tulipofika nyumbani ndipo alipotangaza kwamba anataka picha yake ipigwe akiwa hai, na ipigwe na kamera ya babu.

Simu hataki. Simu, alisema, inapiga kila mtu hata mbuzi.

Kamera ya babu ni ya zamani, ya filamu. Ukichungulia kwenye kidirisha chake, katikati kuna kiraka cha manjano, na ndani ya kiraka hicho unaona vitu viwiliviwili. Unazungusha lenzi mpaka pua mbili ziwe pua moja, kisha unabonyeza. Lakini ilikuwa imelala sandukuni miaka mingi na kipimo chake kilikuwa kimehama. Pua zilikutana, ila mahali pasipofaa.

Nilimpigia fundi wa kamera aliyeko Nairobi. Akasema niilete, ataifungua, ataisafisha na kuipima yote, lakini nitangoja zamu yangu kwa sababu kazi ni nyingi. Mimi na kungoja hatujawahi kuelewana. Nilitazama video mbili tatu, nikaona watu wanatoa skrubu moja ndogo mbele, wanaingiza bisibisi kwenye tundu, wanazungusha kidogo, basi. Nikajiambia huu si upasuaji wa moyo.

Niliifungua hapa hapa Nunguni. Kazi yenyewe ni hii: unaweka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa, unaelekeza kamera kwenye kitu kilicho mbali kabisa, halafu unasogeza skrubu mpaka zile picha mbili zilaliane. Sasa msimu wa ukungu, kitu cha mbali kabisa Nunguni ni kipi? Vilima vyote vilikuwa vimefunikwa. Kitu cha mwisho nilichoweza kuona kilikuwa mkaratusi wa jirani, mwisho wa shamba lake la kabichi. Nikaona mkaratusi unatosha.

Haukutosha.

Nilisafiri hadi Kyuso. Susu akaoga, akavaa, akaketi mlangoni wima kabisa, nikammalizia filamu nzima. Picha zilipooshwa, ukuta wa nyuma ulionekana hadi nyufa zake. Susu mwenyewe alikuwa moshi. Nilikuwa nimeifundisha kamera kwamba mkaratusi wa jirani ndio mwisho wa dunia, nayo ikatii, ikawa inalenga nyuma ya kila mtu.

Niliwaza kumdanganya kwamba filamu ilikuwa mbovu. Badala yake nilirudi Kyuso nikampa moja mkononi. Akaishika mbali, akaishika karibu, akafikicha macho. Alidhani ni macho yake yameharibika. Kama angenitukana ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Nilipomweleza, akaniwekea ile picha kwenye magoti yangu. "Mwana wakwa, huyu si mimi. Nitakaa tena, lakini mara moja tu. Ikikataa, mtatumia hiyo ya kitambulisho. Vai thina."

Hakuna shida, eti. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kidogo.

Kisha nikampigia fundi na kukiri yote. Alicheka mpaka akakohoa. "Huko Kyuso si kuna milima? Tumia mlima. Na ufanye asubuhi, kabla jua lichemshe hewa, ama utaona mlima unacheza. Lakini ile skrubu ya ndani usiguse. Ukigusa hiyo usinipigie, niletee tu."

Kulipopambazuka nilisimama kwenye shamba la ndengu lililokwisha kuvunwa. Mlima ulikuwa ng'ambo kule, safi, bila hata wingu. Nilizungusha bisibisi kiasi cha unywele. Milima miwili ikawa mmoja.

Sikujiamini. Kabla ya kutia filamu nilibandika selotepu ile isiyong'aa nyuma ya kamera, pale filamu inapopita, nikaacha lenzi wazi, nikamwita Susu akae mlangoni. Akatokea kwenye selotepu, mdogo, kichwa chini miguu juu, na nyusi zake zinaonekana wazi. Akauliza mbona natazama kamera kwa mgongo. Nikamwambia namwona amesimama kwa kichwa. Susu alicheka hadi kitambaa kikateleza. Nilibandua selotepu nikatia filamu mbiombio kabla kicheko hakijaisha, na ndicho kilichoko kwenye picha ya leo.

Sasa najua ninachoweza. Skrubu moja na mlima, naweza. Lakini nilipochungulia mle ndani niliona vumbi na mafuta yaliyoganda, na hayo si ya bisibisi ya dukani. Kesho kamera inaenda kwa fundi.

Nakala nyingine nilikuwa nimeagiza itumwe Kyuso, kwa shangazi. Mchana Susu akanipigia mwenyewe, akipiga kelele kwenye simu kama kawaida yake.

"Nimejiona!"

Nikamwambia asijali, nitaitunza ile filamu vizuri, ili siku ile ikifika tusihangaike tena na kitambulisho.

"Siku gani?" akauliza. "Hii nimeshatundika sebuleni, watu wa kanisa wanione nikicheka. Hiyo ya mazishi utakuja upige ingine. Mimi sina haraka."

Nimemwandikia fundi ujumbe kwamba kamera inakuja, aisafishe polepole, zamu yangu nitaingoja. Susu amesema hana haraka.