Kanda Zilizozunguka Kimya: Kumbukumbu ya Valentino Paskali Shekiondo

Ni mwaka mmoja sasa, kaka Valentino, tangu tukupandishe kijijini kwetu Rangwi kukulaza karibu na baba, na tangu muziki ukome nyumbani kwako hapa Lushoto.

Wengi walikujua kwa lori la mboga. Ulipeleka kabichi na viazi Dar, ukarudi na vitu ambavyo madereva wenzako hawakuviita mali: kanda kubwa za magurudumu, za muziki wa zamani, za enzi ya kabla ya kaseti. Biashara huria ilipofunguliwa na kaseti kujaa kila kibanda, mabaa na klabu za mashamba ya chai zilikuwa zikizitupa. Wewe ulizifunga kwenye khanga ukaziketisha kiti cha mbele, utingo akakaa nyuma na upepo wake. Wifi Secilia alisema wenzake huletewa vitenge, yeye analetewa takataka za Dar. Maneno hayo yalifika sokoni kabla injini ya lori haijapoa, na aliyeyapeleka unamjua.

Ukamwekea muziki wa harusi yenu. Akapika akiimba.

Jumapili kwako hakuna aliyekuwa mgeni. Wakatoliki tukitoka misa, Waluteri wakitoka ibada, Waislamu wa shamba la chai wakipanda na watoto wao, sebule ikajaa hadi barazani. Ulinawa mikono kabla ya kugusa ukanda, ukapangusa mashine ya kuzipigia kwa pamba na spiriti kama mtu anayesafisha kidonda. Na mtu akija na habari nzito ya mjini, ulisimamisha muziki ili wote wasikie, kisha ukaendelea palepale ulipoishia. Hakuna aliyetoka kwako na njaa wala bila habari.

Siku zako za mwisho, kifua kikikubana, ulituomba jambo moja tu: kanda zisilazwe. Baridi ya huku huotesha kuvu, ulisema. Ukanda usiozungushwa hugandana, na siku ukivutwa, sauti inabanduka nayo.

Tulikuahidi. Lakini tulipotoka makaburini, shangazi Efrazia akakumbusha desturi ya ukoo wetu, kwamba nyumba ya marehemu muziki haulii mpaka mwaka utimie. Hakusema kwa ubaya. Alikulea wewe, na alikulilia kuliko sisi wote. Wifi Secilia akabaki katikati. Akitii, kanda zako zinaoza. Akizipiga, ukoo mzima utasema hakukuomboleza.

Mvua za vuli zilipoanza alifungua boksi moja akakuta madoa meupe. Akamwita Yassin, rafiki yako, fundi umeme wa shambani. Yassin alimwamkia shangazi, akanywa chai, akauliza hali za wagonjwa wote wa mtaa. Kisha akachomoa waya za spika, akazikunja vizuri, akaziweka mapajani mwa shangazi.

“Shangazi, mlio umeukataza,” alisema. “Kuzunguka hujakataza.”

Shangazi akazishika zile waya.

“Zungusheni,” akasema. “Lakini nami nitakaa hapahapa.”

Jioni shangazi akaondoka na waya, kazifunga kwenye pindo la khanga. Basi kila Jumapili tulikusanyika, wifi akipangusa kuvu, Yassin akipachika kanda, nasi tukitazama magurudumu yakizunguka bila sauti yoyote. Mtaani walisema ukoo wa Shekiondo umerukwa na akili, nyumba imejaa watu wanaotazama mashine bubu. Waliosema hivyo, kaka, wengine walikuja kuchungulia na wakakaa.

Jumapili moja shangazi akauliza anayezunguka hapo ni nani. Wifi akasoma mwandiko wako kwenye boksi: kwaya ya akina mama wa Rangwi. Tukaona midomo ya shangazi inakwenda kama anayeimba, na mikono imetulia mapajani. Hakuna aliyethubutu kumwangalia sana.

Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 1997, baada ya misa ya kukuombea, shangazi atazirudisha waya kwa mkono wake. Tumezizungusha kanda zako bila kuzisikia hata mara moja, na hatujui ndani mmebaki nini. Wifi Secilia hajala vizuri wiki nzima hii. Anasema alikuzika mara moja na hana nguvu ya mara ya pili. Kama zimepona, nyumba italia na kucheka kwa pamoja. Kama zimeharibika, hatutamwacha peke yake na mashine. Tutakaa naye tuzitazame zikizunguka, maana hilo tumekwisha kulijua.

Unakumbukwa na mkeo Secilia, wanao Paskali na Tabitha, shangazi yako Efrazia, rafiki yako Yassin, majirani wa Jumapili zote, nami dada yako Bertha niliyeandika kwa niaba yao.

Pumzika kwa amani, kaka. Daima tunakukumbuka, kwa sauti na kwa kimya.