Fimbo ya Baba Ruthu

Jaha, nakuandikia haraka.

Ule utafiti wetu wa afya, si tuliwapa vijana wafugaji wa huku Bahi kamera wapige picha za vitu vinavyowaumiza? Mmoja wao, binti anaitwa Ruthu, alipiga picha ya fimbo imeegemea mlango.

Leo nimeibandika ukutani mbele ya wazazi wao. Haina sura wala jina, nikajiona mjanja. Kumbe huku fimbo ya mtu inajulikana kama uso wake.

Baba yake akainuka nayo mkononi. Fimbo ileile, Jaha. Ileile. Akampiga Ruthu nayo kichwani mbele yetu sote, damu ikarukia ukutani.

Niko naye zahanati, anashonwa. Hajalia. Ameniuliza tu, "Dada, si tulikubaliana picha za kubandika tutachagua wenyewe?"