Marehemu Ananikopesha Sabuni

Bi Mshauri, shikamoo. Kwanza natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, nikiwa na akili timamu na udhu wangu, kwamba mimi Mikidadi, fundi bomba wa hapa Bagamoyo, sijapata kununua kibiriti Mkange. Nisaidie kabla mimi sijaondoka duniani au mke wangu hajaondoka nyumbani, maana sijui kipi kitatangulia.

Kazini kwetu tuna chama cha akiba, na tangu mwezi wa tatu kila mwanachama amepewa kadi, ukienda duka lililoandikishwa na chama unachukua kitu, mwenye duka anaandika namba yako, mwisho wa mwezi mshahara unakatwa na unapewa karatasi inayosema umechukua nini na kwa nani. Mimi kadi yangu inatumika duka moja tu, kwa Bimdogo, mjane wa marehemu Baba Mina, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, na tangu nihamie kutoka Lugoba miaka saba iliyopita sijui duka jingine. Basi karatasi ya kwanza ikaja, kwa Bimdogo hakuna hata mstari mmoja, nikasema labda mama wa watu kasahau kupeleka, Mungu ni mwingi wa riziki, nikanyamaza. Lakini mahali pake pameandikwa jina nisilolijua: Bwanausi Mwishehe, Mkange. Kibiriti, Bwanausi Mwishehe. Mafuta ya taa, Bwanausi Mwishehe. Karatasi ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na kilichonitoa jasho ni kwamba vitu vyenyewe ni vyangu, sabuni ni ile ile ninayoogea, majani ya chai ni yale yale, kana kwamba huyo mtu anafungua kabati langu na kuchungulia kimepungua nini. Na karatasi ya mwisho, Bi Mshauri, chini kabisa: bafta nyeupe, yadi saba.

Mke wangu Chausiku aliposoma hizo yadi saba akaiweka karatasi chini taratibu. "Bafta ya nani?" Nikamwambia sijui. "Mkange unaye nani?" Nikaapa. Akasema, "Haya, nenda kamlete huyo Bwanausi aje aseme mwenyewe."

Nikapanda lori nikaenda, nikafika saa saba mchana, jua la utosi, kijiji kimya, hata kuku wamejibanza kivulini wamefumba macho. Nikamkuta bibi mmoja, Bi Fatu, anapepeta mchele, nikamwuliza duka la Bwanausi Mwishehe liko wapi. Akasema, "Duka halipo. Bwanausi yupo." Nikafurahi, nikauliza, je, nitamkuta saa hizi? Akacheka: "Huyo? Hatoki." Akaweka ungo, akanitangulia, tukapita migomba, tukapita kisima, akasimama kwenye makaburi akanyoosha kidole. Jina limechorwa kwenye saruji kwa msumari, herufi kwa herufi kama kwenye karatasi yangu: Bwanausi Mwishehe, 1964. Bi Fatu akauliza, "Ulikuwa unamdai?" Nikasema hapana, yeye ndiye anayenidai mimi. Tangu pale hakunitazama tena usoni.

Nimemhadithia Chausiku. Kasema, "Kama ni mwanamke, mtaje. Kama ni maiti, mimi sikai hapa kumngoja alete mzigo." Kafunga kasha lake, Ijumaa anakwenda Mapinga kwa dada yake Mize. Nami bafta nyeupe yadi saba naijua kazi yake, nimesaidia kuzika wengi. Chumbani siingii tena hata mchana, maana yapo mapazia mapya meupe, zawadi ya huyo Mize, na yakijaa upepo alasiri nahisi mtu kasimama nyuma yake ananipima urefu. Nifanyeje?

Mikidadi, Bagamoyo, Juni 1972

*

Marahaba, mwanangu Mikidadi. Pole. Kuonyeshwa mkopeshaji wako chini ya saruji si jambo dogo. Sasa futa jasho unisikilize, maana nimefanya kazi ambayo wewe ungeifanya kwa hatua thelathini bila kupanda lori: nimeuliza.

Karani wa chama chenu amenijibu. Karatasi ile huandikwa jina la mwenye leseni na kijiji ilikokatwa mara ya kwanza, si jina mnaloliitia duka mtaani. Bwanausi Mwishehe alianza biashara kwao Mkange, akahamia Bagamoyo, akaoa, akapata binti, akamwita Mina. Baada ya hapo nani tena alimwita Bwanausi? Alipofariki walimrudisha kwao kumzika, na mjane wake kila Januari huenda kuilipia leseni kwa jina lile lile. Leseni huhuishwa, Mikidadi. Mwenyewe hahuishwi.

Miaka saba unakula chumvi ya nyumba ile, na jina la marehemu wake umelisomea kaburini! Lakini hilo nakusamehe, mtaa mzima uko hivyo. Nisilokusamehe ni kule kunyamaza. Uliona mjane hakuandikiwa kitu, ukamsingizia Mungu riziki. Ungemwendea siku ile ile ukasema, "Mama, mbona umenisahau?" angekutajia jina la mumewe kabla hujamaliza kuuliza, na Bi Fatu angepepeta mchele wake kwa amani.

Usimwite mganga. Usichinje kitu. Kabla ya Ijumaa mchukue Chausiku, nendeni wote wawili kwa Bimdogo, msalimieni, mrehemuni Bwanausi kwa jina lake, kisha mwombe akusomee daftari mstari kwa mstari. Atakapofika kwenye bafta, mkeo atainama. Usimfokee. Kadi ni moja, mikono ni minne, na naona nyumba yenu ni ya watu wawili wanaojua kunyamaza: wewe ulidhani Bimdogo kasahau kibiriti, mkeo naye akadhani Bimdogo kasahau bafta, hivyo hii ya Bwanausi akaiona ni ya mwanamke mwingine. Mnagombana kwa kitambaa kimoja. Kasha lifunguliwe, na dada Mize ashukuriwe kwa zawadi ambayo hakuitoa.

Karani kaninakilia mstari wenyewe, kama Bimdogo alivyouandika: "Bafta yadi saba, kachukua Bi Chausiku, ya mapazia."