Mkaa wa Korosho Usio na Chuma

Alhamisi, Mnero. Jua kali tangu asubuhi, na mimi sina wasiwasi na mtu.

Naandika mwenyewe kwenye simu kwa kidole kimoja, maana shule niliiacha darasa la nne. Lakini kuchoma mkaa, kuanzia hapa mpaka Ruangwa hakuna wa kunifundisha.

Binti yangu Felista anasoma kemia chuoni. Amekuja na maji ya njano kwenye chupa, njano ya sumu ya viwandani. Anatia dawa ya kuipa ile sumu elektroni, ndivyo anavyoziita, ili igeuke kitu kingine. Lakini vikikaa viwili tu vinatazamana. Lazima awepo wa kuvisukuma. Wenzake wanatumia dhahabu na fedha. Yeye anataka mkaa wa maganda ya korosho uliochomwa pamoja na mbolea ya urea, unga laini kuliko vumbi, bila chembe ya chuma. Unasukuma kazi, wenyewe hauishi.

Akaniambia niutwange kwenye kinu cha mti.

Mimi nitwange? Kazi ya wanawake hiyo. Alipokwenda kanisani nikachukua karai na mtaimbo, nikaponda.

Juzi tukajaribu. Njano ikatoweka kabla sijamaliza kikombe cha chai. Nikajisifu mpaka kwa majirani. Felista akapitisha sumaku ya redio mbovu juu ya unga. Vikanasa vijinywele vyeusi vya chuma.

"Baba, umetwangia nini?"

Nikasema. Nikamwambia hata profesa wake hatajua, asafiri Jumamosi na majibu yake mazuri.

"Nitajua mimi, baba."

Ubishi ule kautoa kwangu.

Jana nimechoma upya kwenye chungu, leo nikatwanga uani mchana kweupe. Jirani yangu Msukuma akasimamisha ng'ombe wake kabisa. "Mzee Chilumba, nani kakuoa?" Nikamwambia apitishe mifugo, vumbi linaingia kwenye sayansi.

Saa tisa sumaku haikunasa kitu. Lakini maji yakachelewa. Kikombe cha kwanza, njano. Cha pili, njano. Cha tatu, yakawa meupe kama ya mvua.

Felista kaandika yote kwenye daftari, na la mtaimbo pia, na jina langu. Nilitaka alifute. Sasa naona libaki. Mkaa wangu umeweza peke yake, bila kusaidiwa na chuma.

Vidole havikunjiki jioni hii. Marehemu mama yake Felista alitwanga kila siku ya Mungu. Mbona sikuwahi kumwuliza hali ya mikono yake?