Vifungo vya Shati la Baba Watoto

Mshauri wetu, shikamoo. Nisaidie kwa jambo lililonikaa kooni, na penye kasoro unisamehe, shule niliishia darasa la nne.

Mume wangu ni fundi cherehani, mwaka jana alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala, mkono wenyewe wa mkasi, lakini namshukuru Mungu sasa anakwenda chooni mwenyewe kwa kushika ukuta, hata utani wake umerudi, jana kaniambia ni chai yangu ndiyo iliyompoozesha, tukacheka mpaka machozi, na mimi nimerudi kupika kule shuleni nusu siku, yote kwa sababu ya dada wa mazoezi ya viungo anayekuja mara mbili kwa wiki. Anayemlipa ni kifungua mimba wetu, na juzi kasema, "Mama, miezi mitatu mkono haujasogea, tunamwaga pesa, bora tutafute msichana wa kumhudumia." Nami kuna kitu sijamwambia mtu. Yule dada alimpa baba watoto kazi ya nyumbani, kila asubuhi afunge vifungo vya shati kwa mkono ule ule, na mimi namfungia. Nikimwona anavyohangaika, mtu aliyewashonea watu suti za harusi, roho haikai, namfungia haraka haraka, na dada akiuliza kama amefunga mwenyewe nasema ndiyo, mume wangu anatazama pembeni. Sasa mwanangu aache kulipa au aendelee? Naogopa mharibifu ni mimi.

Mama Mpishi

Marahaba, mama. Ndiyo, umeharibu, lakini kilichoharibika kinatengenezeka. Miezi mitatu hii aliyefanya mazoezi ni wewe, na sina shaka vidole vyako viko imara. Huruma yako naielewa. Ila mnalipia saa mbili kwa wiki, halafu wewe unazifuta kila asubuhi kabla ya chai. Kwa mtindo huo hata mtaalamu bora kuliko wote angeonekana ghali.

Na kijana wako anapima kwa mkono tu. Mwambie ahesabu pia choo anachokwenda baba yake bila kubebwa, na mshahara wako uliorudi. Msichana wa kuhudumia atalipwa mwezi huu, na mwakani, na mwaka wa kumi, mzee akiwa palepale. Mazoezi yana siku ya kupungua.

Leo hii mweleze mwanao ukweli, umwombe miezi mitatu mingine, kisha mkono upimwe upya. Dada akija, mwambie kabla hajakaa. Hatakula mtu, atapanga upya, pengine aanze na vifungo vikubwa. Asubuhi mpe mumeo shati, toka chumbani, ukachemshe maji. Akichukua nusu saa, mwache. Akikuita, muulize kwanza ni kifungo kipi. Na akitoka na shati limekaa upande, mikono yako iweke nyuma, umwache aende nalo hivyo hivyo mpaka barazani.