Ngamia Wawili kwa Friza Moja

Jumatatu, 8 Januari 1996

Mifuko mia moja na ishirini ya maji. Imefungwa, imepangwa ndani ya friza. Vidole vimekunjamana. Stima ilipotea saa nne, ikarudi saa sita, barafu haikuyeyuka. Alhamdulillahi. Wiki mbili tu tuingie Ramadhani. Nyumba kumi na tisa za hapa mtaani Iftin, Garissa, zimeagiza barafu ya mwezi mzima na zimetanguliza pesa. Pesa zenyewe nimeshazipeleka shuleni kwa binti yangu Sahra, karo ya muhula. Sina nyingine.

Alasiri akaja mwanamume na mkoba. Anaitwa Farah. Ni mshirika mpya wa Bishar, yule mwenye duka la Islii, Nairobi, aliyeniuzia friza. Akatoa karatasi. Anasema friza ilitoka dukani miezi kumi na minne iliyopita na hakuna hata shilingi iliyoingia. Anataka bei yote. Nisipolipa, Jumamosi anakuja kuibeba.

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka.

Jumanne, 9 Januari

Hasira bado. Leo nimefunga mifuko vibaya, sita imevuja.

Nayaandika yote nisije nikababaishwa mpaka nikajitilia shaka mwenyewe. Kwa Kiswahili, kama siku zote. Ndicho walichonifundisha kuandika shuleni. Kisomali nakisema tu.

Friza niliinunua kwa taar, redio ya Noor pale sokoni. Sikuiona kabla, na muuzaji sijamwona hadi leo. Hivyo ndivyo tunavyoagiza vitu vya Nairobi. Unakaa kwenye benchi, Noor anaita kituo cha Islii, mwenye duka anatafutwa, mnapatana bei huku benchi zima likisikiliza. Wa vituo vingine nao wanasikiliza. Kisha lori linaleta.

Bishar hakutaka pesa. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo ya mama yake huko Kutulo. Alitaka ngamia majike wawili, mmoja awe na maziwa. Kaka yangu Hassan anachunga hukohuko. Akatoa wawili katika wale alioniachia marehemu baba, akawaswaga mwenyewe mpaka kwa huyo mama. Juma lilelile Bishar akasema redioni: wamefika, friza ni yako, Allah aitie baraka. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Karatasi? Haipo. Nani humwandikia mwenzake risiti ya ngamia? Ngamia anajulikana kwa chapa yake na kwa mtu anayemkama.

Nimeshatoa ngamia wa baba. Sitoi kitu kingine.

Alhamisi, 11 Januari

Kwa Noor, asubuhi. Tuliita Islii mara tatu. Mara ya kwanza Bishar ametoka. Mara ya pili yuko msikitini. Mara ya tatu bado yuko msikitini. Mtu mwema sana huyu, anaswali tangu saa tatu mpaka saa tano. Nimelipia dakika zote hizo.

Noor akaniambia kwa sauti ya chini, "Abaayo Habiba, dada yangu, lipa nusu. Yaishe."

Noor! Yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti siku ile; waliokuwa benchini walikuwa wasafiri, simjui hata mmoja. Nikamkumbusha. Akasema husikia mambo ya watu mia kwa siku, hawezi kuyakumbuka yote. Anakumbuka. Bishar ni mteja wake mkubwa, basi. Mwoga. Nimekuja nyumbani nikavunja barafu kwa nyundo mpaka mkono ukauma.

Jumamosi, 13 Januari

Amekuja. Farah, lori, mahamali wanne, askari mmoja.

Nilipowaona wakiingia uani nilifunga kifuniko cha friza nikaketi juu yake. Na guntiino yangu nzuri, nguo ya kufunga begani, na miguu ikining'inia. Mahamali wakatazamana. Hakuna aliyetaka kumgusa mwanamke asiyemjua.

Farah akamgeukia askari, ambaye ni mtu wa bara, na Kiswahili chake cha haraka: "Afande, hii mama alichukua kitu ya duka, besa hakulipa. Miezi kumi na nne! Sisi nataka kitu yetu, basi."

"Mama, una risiti?" askari akauliza.

Nikamjibu kwa Kiswahili cha darasani, taratibu, ili kila neno liingie. Nikasema nimelipa ngamia wawili, wako Kutulo, wako hai, wana mdomo wa kula lakini hawana wa kusema. Mahamali wakacheka. Farah akasema katika daftari lake hakuna ngamia. Nikamwambia Kutulo hakuna daftari lake.

Askari akakuna kichwa. Akasema yeye haondoi mtu juu ya friza. Amenipa wiki moja. Jumamosi ijayo niwe na karatasi au shahidi, la sivyo nitashuka mwenyewe. Kisha akaomba maji baridi. Akalipa. Mtu wa haki.

Waliondoka saa saba. Nilikaa palepale juu mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Hapana, adhuhuri iliadhiniwa kabla hawajaondoka. Hata saa zimenichanganyikia.

Jumapili, 14 Januari

Habari imeenea. Eeddo Maryan, shangazi yake marehemu mume wangu, amekuja kudai alichotanguliza. Anasema wanawake wanauliza, friza ikichukuliwa katikati ya funga watakunywa nini. Nyumba nne nyingine nazo zinataka zao. Nimewaambia barafu mtapata. Eeddo akasema barafu ya mwizi haipozi koo.

Nikamwambia aende akapoze koo lake mtoni.

Sikupaswa. Ni mtu mzima. Lakini nilichosema nimesema.

Nimetoa bangili ya dhahabu kwenye sanduku, nikaitazama. Ingetosha kama nusu ya bei. Nimeirudisha. Nikilipa mara ya pili, nitakuwa nimekiri kwamba sikulipa mara ya kwanza. Sahra ataambiwa mama yake alikula kitu cha watu. Silipi, hata kama ningekuwa na milioni.

Jumatatu, 15 Januari

Sikuuza chochote. Mfuko mmoja tu, mpita njia.

Jumatano, 17 Januari

Nimekaa kwenye benchi la Noor tangu asubuhi bila kuita mtu. Nilikuwa nasikiliza tu. Kila Ijumaa saa nne Bishar huongea na mama yake aliye Kutulo. Kila mtu anajua, saa hiyo vituo vingine hunyamaza. Huku kwetu unaweza kuingilia bei ya mchele ya mtu, hata ugomvi wa mke na mume. Salamu za mtu na mama yake haziingiliwi. Sijawahi kusikia mtu akifanya hivyo.

Jioni nimempata Hassan kwa redio; leo ni siku ya soko Kutulo. Nimemwambia jambo moja: Ijumaa ampeleke mama wa Bishar kituoni, na abaki hapohapo. Akauliza kwa nini. Nikasema nataka kumsalimia.

Ijumaa, 19 Januari



Saa nne kasoro nilikuwa kwa Noor. Benchi limejaa, watu wamesimama hadi mlangoni. Farah naye alikuwapo, amekuja kusikiliza bei za mbuzi. Nikamwambia Noor, Bishar akimaliza salamu ya kwanza, unipe kipaza sauti. Akakataa. Akasema atafungiwa biashara, ni utovu wa adabu, sijui ni haramu. Nikamwambia basi aseme mbele ya watu hawa kwamba hakusikia siku ile. Aape. Noor alinitazama. Akaweka kipaza sauti mezani, akasema anakwenda kununua chai. Hakunywa chai huyo. Alisimama nje dirishani.

Sauti ya Bishar ikaingia, safi. Hakika hayuko msikitini. Akamsalimia mama yake, akauliza afya, akauliza mvua. Mama akajibu, sauti nyembamba ya mtu mzima, "Waa nabad, mwanangu, amani tu. Ova."

Ukisikia "ova", zamu ni ya mwingine; nikabonyeza kitufe. Nikasikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali siku mbili. Mwizi, mwongo, mla cha mjane. Yote yakapotea nilipoisikia sauti ya yule mama. Nikafanya kama tunavyofanya siku zote. Nikamsalimia. Nikajitaja, Habiba wa Garissa, dada yake Hassan. Nikauliza watu, nikauliza mvua, kisha nikauliza mifugo. Wale ngamia wawili niliowaleta, wanaendeleaje?

Nani atanyamaza akiulizwa ngamia wake? Alinijibu kwa dakika nzima. Mkubwa amezaa, jike, alhamdulillahi. Mdogo alichechemea msimu wa mvua, wakamchoma moto begani, akapona. Ana hila, hakubali kukamwa na mtu mwingine ila yeye. Yeye mama amekuwa akinywa maziwa yao asubuhi na jioni tangu walipokuja, na bila wao angekuwa kaburini. Akaniombea dua ndefu. Akasema, "Bishar mwanangu, umemsikia Habiba? Mshukuru. Ova."

Mkwaruzo wa redio tu.

Hapo nikasema neno moja nililojia. Hooyo, mama, nisamehe kuingia katika salamu zako. Kuna mtu wa duka la mwanao yuko hapa Garissa, anasema friza sikuilipia, kesho anaichukua. Ndiyo maana nikauliza kama ngamia walifika. Ova.

Farah alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha yule mama, polepole, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi: "Bishar. Kama hajalipa, hawa si wangu. Nimekuwa nakunywa cha mtu. Hassan yuko hapa mbele yangu. Nimpe kamba zao leo? Ova."

Sijui vituo vingapi vilikuwa vinasikiliza. Wajir walikuwapo, Mandera walikuwapo, najua kwa sababu wote hungoja zamu yao ya saa nne na nusu.

"La, Hooyo," Bishar akasema. "Usimpe. Ni wako. Habiba amelipa." Akarudia kama vile hakuna aliyemsikia. "Amelipa. Ova."

Nikaweka kipaza sauti chini. Nikatoka. Nyuma yangu benchi likalipuka, kila mtu anazungumza. Noor hakunidai pesa ya dakika. Nilimwekea mezani hata hivyo, senti kwa senti.

Jumamosi, 20 Januari

Farah alikuja peke yake, kwa miguu. Lori limerudi Nairobi.

Anasema yeye aliingia dukani mwezi wa Novemba, akakuta friza imetoka na pesa haikuingia, akamuuliza Bishar. Bishar akamwambia kadai. Pengine alisahau, Farah anasema. Mtu hasahau maziwa anayokunywa mama yake. Nilimwambia hivyo.

Akaomba kalamu. Nikampa hii hii. Akaandika nilivyomtajia: ngamia majike wawili, wamefika Kutulo, friza ni ya Habiba, hakuna anayemdai mwenzake. Akatia sahihi. Akaomba tuyamalize, tusiingie Ramadhani na kinyongo. Nimemsamehe yeye. Bishar bado, aje mwenyewe aombe.

Alinunua mifuko miwili ya barafu. Nimemtoza bei ya kawaida.

Jumatatu, 22 Januari

Mwezi umeonekana jana. Funga ya kwanza. Joto.

Karatasi nimeibandika kwa uji ndani ya kifuniko cha daftari hili.

Nyumba zote kumi na tisa zimekuja na masufuria yao kabla ya magharibi. Eeddo Maryan alikuwa wa mwisho. Nilimwomba radhi kwa lile neno la mto. Akasema amesahau, kisha akaniambia nimwongeze kipande. Nikamwongeza.

Noor alipita kuniletea salamu zilizoingia asubuhi kutoka Kutulo. Mama wa Bishar amempa jina yule ndama wa ngamia. Anamwita Baraf.

Adhana. Tende tatu. Maji baridi, kutoka kwenye friza yangu.